Ulimi wa Mji

Asubuhi ile mimi na mume wangu Hamimu tulinong'onezana maneno makali, na kabla hajafika getini soko zima lilikuwa limeshajua kwamba tumegombana.

Hatukupiga kelele. Mstari wangu ndio uliotuchongea. Pale sokoni Kalungwe, juu ya banda la wauza dagaa, wametundika skrini pana, na kwenye skrini hiyo hakuna mpira wala matangazo. Kuna mstari mmoja wa kijani, basi. Huo mstari ni sukari iliyomo ndani ya damu yangu mimi, Mwamvita, na kidude nilichobandikwa mkononi ndicho kinachoupeleka huko kutwa kucha. Nikikasirika unapanda. Nikilala unatulia. Siku moja nililamba asali, kidole kimoja tu jamani, na wanawake wakaacha meza zao wakaja hadi dirishani kwangu kunisuta.

"We Ulimi! Unataka kutuua?"

Ulimi ndilo jina nililopewa na mji. Wanaolitaja kwa mapenzi wapo, na wanaolitaja kama wanamwita ng'ombe wao wa maziwa nao wapo, na kwa miaka yote hii nimejifunza kuwatofautisha kwa sauti tu.

"Bado una hasira?" Daktari Ntakije aliniuliza akiingia na kikombe. Ndiye mkuu wa Kituo cha utafiti, humu ninamoishi, mwanamke mrefu, mpole mno, wa kusema samahani hata akikuletea habari njema. "Mstari ulipanda. Tusubiri utulie ndiyo uonje."

"Umetulia. Lete."

"Hamimu kakuudhi nini?"

"Mambo ya ndani, Daktari. Au na hayo tuyatundike sokoni?"

Akacheka, akasema samahani, akanipa kikombe. Ni supu ya dagaa isiyo na chumvi, chungu mpaka unaisikia masikioni. Nikapiga bismillahi nikaimeza yote. Daktari akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake, kufuli likalia. Ukishafungwa hivyo haufunguki mpaka mstari ushuke, upande, urudi mahali pake, maana katika muda huo sitakiwi kutembea, kubeba kitu, kushtuka wala kuguswa. Mimi wa ndani siwezi kuufungua. Wa nje ni Daktari peke yake.

Nieleze kidogo, maana wageni wakija kwetu hudhani tumerogwa. Zamani wagonjwa wa kisukari wa Kalungwe walijidunga sindano za insulini kama watu wa kwingine. Kisha Kituo kikaja, kikawageukia dagaa wa Ziwa Tanganyika. Daktari alinifafanulia kwa ushanga wangu mwenyewe. Protini ya dagaa, alisema, ni uzi mrefu wa shanga. Vimeng'enya vinaukata vipande vifupi vifupi, na vipande hivyo ndivyo peptidi. Vingi havina kazi yoyote. Lakini vipo vinavyochelewesha wanga kugeuka sukari tumboni, na vipo vinavyoikumbusha kongosho itoe insulini yake yenyewe. Bibi zetu walivila bila kujua, kidogo kidogo, kwenye sahani ya kila siku. Kituo kilijifunza kuvikata, kuvichuja na kuvitia makali, hata kikombe kimoja cha alfajiri kikatosha na sindano zikasahaulika. Wafanyabiashara wakaacha kuleta insulini. Nani angeinunua?

Tatizo ni ziwa. Dagaa wa baada ya mvua si dagaa wa kiangazi, na wa kusini si wa kaskazini. Mashine inajua kuvihesabu vipande, lakini vitafanya nini ndani ya mtu haijui mpaka mtu anywe. Mtu huyo ni mimi. Sina kisukari, kwa hiyo supu ikiwa kali ikanishusha mno, mwili wangu unajiinua wenyewe. Ninachoonja leo ndicho mji utakachokunywa kesho. Kompyuta ya Kituo ina jina refu la kitaalamu ila watu wanaiita Ramli, kwa sababu inautazama mstari wangu kisha inamtajia kila mtu kipimo chake: fulani yuko tofauti na Mwamvita hivi, apewe nusu, fulani vile, apewe kikombe kizima. Wote wamepimwa kwa mwili wangu, mmoja mmoja, kwa miaka. Ukiniondoa, inabidi uanze upya na kila mtu, na supu isimame mpaka umalize.

Waliponiingiza humu walisema miaka mitatu. Huu ni wa tisa. Nakula uji wa aina moja na ndizi mbichi za kuchemsha zilizopimwa. Mume wangu ananitembelea kwa ratiba, kama fundi umeme.

Na asubuhi ile nilikuwa na mimba, na Daktari hakujua.

Ndicho tulichogombania. "Mwambie leo," Hamimu alininong'oneza. "Mwili wako si ule tena." Nikamwambia anyamaze, watu watatusikia. Mimba mbili zilishaniharibikia, na mara zote mbili nilikuwa nimeshawaambia watu. Safari hii Mama alinionya mapema: "Mwanangu, mimba changa haitangazwi. Macho ya watu hayana huruma. Funga mdomo wako mpaka mtoto acheze." Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo wanavyofanya wanawake wote wa mtaa wetu. Basi nikavaa madera mapana. Daktari akiniuliza kila mwezi kama nimeziona siku zangu, namjibu nimeziona, huku natazama pembeni. Nilijiambia, kama jicho la jirani mmoja linaweza kuidhuru mimba, sembuse macho ya soko zima yanayokutazama mpaka ndani ya damu?

* * *

Mama alifika dirishani wakati ule ule anaofika siku zote. Mama yangu ni Bi Havijawa, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mdomo. Ana kisukari tangu mimi sijaolewa, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuinywa supu ya Kituo mjini hapa, enzi ambazo wengine walikuwa bado wanaikimbia. Dirisha langu ni kioo kinene kisichofunguka, chenye matundu ya kupitishia sauti. Huweka kigoda chake nje, nami hukaa ndani, tukaongea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeamkaje? Na huyo mwenzio?" Akainua nyusi kuelekea tumboni.

"Kimya. Bado hajacheza."

"Atacheza. Mvivu kama baba yake."

"Basi nisimulie."

Huo ndio mchezo wetu. Chakula cha watu sijakila tangu nilipoingia humu, kwa hiyo Mama anakuja kunihadithia alichopika, nami nakila kwa masikio. Nikimsikiliza mate yananijaa na moyo unanienda mbio, na mstari hupanda kidogo. Wa sokoni wanaguna, ila hili wamenisamehe. Wanasema, Mwacheni, ndio mlo wake huo.

"Jana nimepata migebuka miwili ya ziwani," Mama akaanza, "minene hiyo, nikaichoma taratibu. Sombe nimeitwanga mwenyewe kwenye kinu, majani machanga ya muhogo. Siyo hiyo yenu ya mashine, inayotoka kama majani ya kulishia mbuzi."

"Ehe."

"Nikaichemsha mpaka ule ubichi wake ukatoka. Ndiyo nikamimina mawese."

"Mengi?"

"Mengi! Unanionaje wewe? Yakaelea juu, mekundu, unajiona sura."

"Na pilipili?"

"Moja, nzima, sikuipasua. Halafu nika... halafu ile..."

Nikadhani anatafuta neno la kunichekesha. Kumbe jasho lilikuwa linamtiririka usoni, na mkono ulioshika kanga unatetemeka.

"Mama? Supu yako umekunywa leo?"

"Nimekunywa. Siku hizi wameniongezea. Ramli inasema dagaa wa... wa siku hizi hawana..."

Akaanguka ubavu, kigoda kikaenda kule na yeye huku.

Niliupiga mlango. Niliupiga kwa ngumi, kwa mabega, kwa kiti ninachokalia nikila uji. Nikamwita Daktari mpaka koo likakauka. Kufuli halikujali, maana lenyewe lilikuwa bado linasubiri mstari wangu utulie, na mstari ungetulia vipi na mama yangu amelala chini hatua chache kutoka nilipo? Kadiri nilivyohangaika ndivyo ulivyopanda, na kadiri ulivyopanda ndivyo mlango ulivyokaza. Nikarudi kwenye kioo, nikabandika viganja, nikawa namwita tu. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayaangalii kitu.

Kilichomwokoa ni ile hasira ya soko. Walikuja mbio, na niliwasikia kabla sijawaona: "Kulikoni tena huko? Ulimi, umekula nini wewe? Mbona unapanda hivi?" Walikuja kunisuta, ndivyo walivyomkuta Mama. Mwanamke mmoja muuza chai akapiga magoti, akampakaza sukari ndani ya shavu, akamsugua, akampakaza tena. Baada ya muda Mama akameza, akakohoa, akamtukana kwa kumchafulia kanga.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Yule muuza chai akageuka dirishani, mikono bado ina sukari.

"Basi mzima mama yako. Tulia sasa, shoga, tunakutegemea."

* * *

Daktari alipofika kutoka hospitalini hakusema samahani, nikajua mambo ni mabaya.

"Siyo mama yako peke yake," alisema. "Juzi mwalimu ameanguka mbele ya darasa. Jana fundi cherehani, sindano ikamwingia kidoleni hata hakusikia. Leo asubuhi mwadhini wa msikiti wa juu wamemkuta kalala kwenye ngazi, bado hajazinduka. Wote sukari imeshuka mno. Supu ni kali kuliko inavyotakiwa."

"Si mnaipima?"

"Tunaipima kwako." Akavuta kiti kilichopona, akaketi mbele yangu. "Kwa wiki kadhaa sasa mstari wako unakataa kushuka. Ramli ikauona, ikasema dagaa wamepungua nguvu, ikamwongezea kila mtu. Kesho yake ukakataa tena, ikaongeza tena. Nimewapima dagaa mwenyewe, kipande kwa kipande. Dagaa ni wale wale. Kilichobadilika hakimo kwenye sufuria."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa najua. Sitasema nilijua tangu mwanzo, lakini tangu Mama alipoanguka nilijua, na bado ulimi ulikuwa mzito.

"Mwamvita. Siku zako umeziona?"

Hapo ndipo alipocheza. Nawaapia. Kitu kama samaki mdogo kilijigeuza chini ya kitovu, mara moja, kikatulia, kisha kikajigeuza tena kana kwamba kinahakikisha nimekisikia. Nilikuwa nimeusubiri mchezo huo kwa hamu isiyo na mfano. Nilishapanga nitakavyomwita Mama dirishani, nitakavyomwona akifunga kanga vizuri ili apige vigelegele. Nikashika tumbo kwa mikono yote miwili na machozi yakanitoka, ya furaha na ya hofu pamoja, hata sikuweza kuyatenganisha.

"Mtoto amecheza, Daktari," nikasema. "Sasa naruhusiwa kusema."

Daktari ni mtu wa milimani, kwao nako mimba changa inafichwa. Hakuniuliza kwa nini.

"Mimba inapokua mwili hukaidi insulini," alisema polepole. "Sukari ya mama hukaa juu ili mtoto ashibe. Ni jambo la kawaida kabisa. Isipokuwa kwako wewe."

* * *

Mkutano wa Kamati ya Mji ulifanyika kesho yake dirishani kwangu, kwa kuwa mimi sitoki. Walijaa uwanja wa Kituo mpaka kwenye ukuta, kila mmoja na kikombe chake mkononi, kwa mazoea tu, maana supu ilikuwa imesimamishwa asubuhi ile. Mwenyekiti ni Mzee Songoro, aliyeniozesha, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mama walimweka kwenye kiti cha mbele. Hamimu alisimama ameegemea kioo changu kama mlinzi.

Daktari akawaambia habari kwa maneno machache. Na wanawake wa Kalungwe, Mungu awabariki, wakafanya kile ambacho wanawake hufanya wakisikia mwenzao ana mimba. Vigelegele vikapaa. Nilivisikia kupitia matundu yale, mwili ukanisisimka, nikacheka peke yangu humu ndani.

Kisha vikakatika, kimoja baada ya kingine, kadiri kila mwanamke alivyoelewa. Muuza chai ndiye aliyekuwa wa mwisho, akabaki na mkono mdomoni.

"Hongera," mtu akasema.

"Hongera sana, Ulimi."

"Hongera."

Hakuna aliyeondoka. Wakasimama pale na vikombe vyao vitupu, wakinitazama tumbo.

Daktari akaeleza njia zilizopo. Supu ikisimama, insulini ya sindano itaagizwa kutoka mbali, na itachukua majuma kufika. Wapo wasioweza kusubiri majuma. Mimi nikiendelea kuonja, Ramli haitajua lipi ni la dagaa na lipi ni la mimba, maana mimba haikai mahali pamoja, kila wiki ina tabia yake, na watu wataendelea kuanguka. Au tupate mtu mwingine ambaye Ramli inamjua vizuri kwa miaka, isome tofauti yake na mimi nilivyokuwa kabla ya mimba, ifanye hesabu kuanzia kwake. "Shida," alisema, "wanaojulikana na Ramli wote ni wagonjwa. Mwonjaji anakunywa supu ghafi, kabla haijajulikana ukali wake. Mwamvita akishuka anajiinua. Ninyi mkishuka, kuna siku sukari ya kwenye shavu haitatosha."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Sikuwalaumu. Ningekuwa upande ule ningetazama vyangu.

Mzee Songoro akakohoa. "Mwanangu Mwamvita. Tumefurahi, Mungu ni shahidi. Mtoto ni baraka." Akajifuta uso. "Ila wewe bado kijana. Hii nayo ni changa. Utazaa tena, mama, utazaa tu, inshallah."

Jamani, alilisema kwa upole! Angenitukana ningejua la kumjibu. Hamimu aliruka kutoka kiooni akitaka kumfuata, watu wakamshika, naye akawa anapiga kelele kwamba mke wake si kipimo cha dukani, kwamba walisema miaka mitatu, miaka mitatu! Hakuna aliyembishia. Walimshika tu mpaka akaishiwa pumzi.

Nami niliogopa. Sikuwaogopa wao. Niliogopa kwamba nitakubali. Maana niliwatazama nikamjua kila mmoja, mwalimu na bandeji kichwani, fundi cherehani, mke wa mwadhini aliyekuja na kikombe cha mumewe aliye hospitalini. Nimewabeba watu hawa kwenye damu yangu miaka tisa. Nilijiona nafungua mdomo kusema haya, sawa, na mtoto akajigeuza tena mle ndani, nikaufunga.

"Niwekeni mimi," Mama akasema.

Alikuwa amekaa, kanga imefungwa kifuani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Mama, hapana."

"Nyamaza wewe. Ramli inamjua nani zaidi yangu? Mimi ndiye niliyeanza kuinywa. Daktari, ni uongo?"

"Si uongo," Daktari akasema.

"Jana umeanguka, Mama! Hapo hapo ulipo!"

"Nimeanguka kwa sababu ulificha, na nani alikwambia ufiche? Mimi." Akainuka, akaja mpaka kwenye kioo, akaniongelesha kwenye matundu kwa sauti ndogo, soko zima likijifanya halisikii. "Niliogopa macho yao, mwanangu. Nikasahau kwamba wewe macho yao umeshayameza siku nyingi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Huyo wa tumboni hata maziwa hajayaonja. Usinipigie hesabu hapa."

"Sitaki kuchagua."

"Hakuna anayetaka."

Na nilitakiwa kuchagua, hilo ndilo lililoniua. Ramli haimpokei mwonjaji mpya mpaka mwonjaji aliyepo atamke kwa mdomo wake kwamba anamkabidhi. Sheria iliwekwa ili mtu asije akanifukuza kwa nguvu. Mama akapenyeza kidole kwenye tundu moja. Nikakishika. Kilikuwa kinanuka moshi na kitunguu, na mimi nikakishikilia nikitafuta neno lolote jingine katika lugha yetu ambalo ningeweza kulisema badala ya lile.

"Namkabidhi Mama," nikasema.

* * *

Siku ya kwanza nje, jua lilinichoma kama mgeni. Hamimu alitaka kunipeleka nyumbani moja kwa moja, nilale kitandani kwetu kama mke wa mtu. Nikamwambia baadaye. Nikaenda sokoni, nikasimama chini ya banda la wauza dagaa.

Watu walinipisha. Kisha wakanisahau, maana mstari ulikuwa umeanza.

Ulikuwa wa kijani ule ule. Ila haukuwa wangu. Ulitetemeka kwa namna nisiyoijua, ukakaa juu kidogo, ukasitasita. Mama ameshakunywa. Mlango umeshajifunga. Nikamwona akilini amekaa kwenye kiti changu, miguu haifiki chini.

Mstari ukaanza kushuka. Vizuri, nikasema. Ukashuka tena. Wanawake wakaacha kupanga mafungu ya dagaa. Ukashuka zaidi, na sasa ulikuwa unaenda haraka, ukapita pale ambapo wangu haujawahi kupita, na soko zima likawa kimya, na katika kimya hicho nikasikia mtu anapiga kelele, "Usitikisike! Mama, tulia! Usisogee!" Nikageuka nimwone nani huyo asiye na adabu. Kumbe ni mimi.

Ukafika chini ukagota. Ukakaa hapo. Sijui ni muda gani, mimi nilikuwa sipumui. Muuza chai alinishika mkono na sukari yake tayari kwenye kiganja, kana kwamba ingeweza kupita hewani.

Kisha ukajikunja kidogo, ukainuka. Polepole, kama mzee anayenyanyuka kwenye mkeka, ukarudi. Mtu akashusha pumzi, wote tukashusha. Ramli ikatoa vipimo kwenye simu za watu, simu zikalia soko zima, na watu wakaanza kucheka, kupigana mabega, kuulizana wamepewa ngapi. Dakika ile hakuna aliyenitazama. Wala Mama hawakumtazama. Walitazama simu zao.

Kesho ataonja tena. Na kesho kutwa. Mpaka ujifungue, alisema Daktari, mpaka mwili wako utulie, halafu tutaona. Nilishawahi kuisikia hiyo halafu tutaona.

Jioni nilichukua kigoda chake nikakiweka nje ya dirisha. Mama alikuwa amevaa gauni la Kituo lililomzidi ukubwa, na kidude mkononi. Alikuwa amechoka, midomo imemkauka, lakini macho ni yale yale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uji wao huu, mwanangu, ulikuwa unaulaje? Hata mbwa anakataa."

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akacheka kidogo. Akaegemea kioo.

"Nisimulie."

Nilikuwa nimepika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika mwiko tangu niingie mle, na sikuweza kumeza hata tonge moja. "Nimepika sombe, Mama."

"Umeitwanga?"

"Nimenunua ya mashine."

"Aibu yako! Endelea."

"Nikaichemsha mpaka ubichi ukatoka. Migebuka sikuipata, nikatia dagaa wakavu, nikawakaanga kwanza. Harufu ikafika mpaka kwa jirani, akaja kugonga."

"Ehe," alisema Mama, amefumba macho. Koo lake lilikuwa linameza.

Kutoka pale nilipokaa, kupitia geti, skrini ya sokoni inaonekana. Sikuwa nimewahi kujua hilo. Niliuona mstari wake unapanda kidogo kidogo, na kabla sijafikiri neno lilishanitoka.

"Mstari unapanda, Mama. Bora tuache, utulie."

Akafumbua macho. Akanitazama kupitia kioo kile, na hakukasirika.

"Hata wewe, Mwamvita?"

Mtoto alikuwa anacheza, anapiga ubavu kama anayetaka kutoka. Kule sokoni mtu alishaanza kuguna, nikasikia jina linaitwa, Ulimi, Ulimi, na si mimi waliyekuwa wanamwita.

Nikakisogeza kigoda, nikaweka mdomo kwenye tundu.

"Halafu nikamimina mawese," nikasema.

"Mengi?"

"Mengi, Mama. Yakaelea juu, mekundu, unajiona sura."